Asilimia Tatu Iliyobaki Hispania

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki iliyopita, mambo yalikuwa yamefikia hapa.

Mimi na mume wangu Oddvar, Wanorwei wawili wazee, tuliuza nyumba yetu ya Alfaz, Hispania, kwa euro laki tatu na elfu kumi. Mnunuzi, Mbelgiji mpole asiyeongea sana, hakutukabidhi zote. Sheria ya kule inamtaka anayenunua nyumba kwa mtu asiyeishi nchini azuie asilimia tatu ya bei na kuipeleka ofisi ya kodi, maana mgeni akishapanda ndege, nani atamfuata? Ya kwetu ilikuwa euro elfu tisa na mia tatu. Ukithibitisha kwamba umeuza kwa hasara, unarudishiwa yote.

Sisi tuliuza kwa hasara. Hilo sikuwa na shaka nalo.

Na elfu tisa ndizo zilizokuwa zimepungua kwenye bei ya nyumba ndogo ya Haugesund, kwetu Norwei, tuliyoiwekea malipo ya awali, nyumba ya chini, yenye mlango mpana wa kupitisha kiti cha magurudumu. Miguu ya Oddvar imekwisha. Tusipoipata ile nyumba, halmashauri itampeleka kwenye makao ya wazee ng'ambo ya ghuba, peke yake, nami nitakuwa mke wa kumtembelea mume kwa kivuko. Mwenye nyumba alitupa hadi mwisho wa Juni. Benki haimkopeshi mtu wa umri wangu.

Niliwaacha mahali ambapo Amparo, mwanamke wa Alfaz anayewajazia wageni karatasi za kodi, alifungua hati yetu ya kununulia ya mwaka 2007, akasoma bei, kisha akanitazama juu ya miwani.

Hati ilisema laki mbili.

Sisi tulinunua kwa laki tatu na ishirini.

"Mama," akasema Amparo, "laki na ishirini nyingine iko wapi?"

"Ilikuwa kwenye bahasha."

Hakushtuka. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi.

"Mthibitishaji alitoka chumbani?"

"Alitoka."

"Kwenda wapi?"

"Kunywa kahawa."

"Miaka ile walikunywa kahawa mno," akasema. "Kuna mmoja alikuwa anatoka mara nane kwa siku. Sijui usingizi alikuwa anaupata wapi."

Ndivyo ilivyokuwa ikifanyika, na wala haikuwa siri. Mthibitishaji wa hati, yule bwana mwenye muhuri, aliwasomea bei iliyoandikwa, akauliza kama mna jambo la kuzungumza wenyewe, akatoka na kufunga mlango taratibu. Noti zilihesabiwa juu ya meza yake mwenyewe. Akarudi, akapiga muhuri. Muuzaji alikwepa kodi ya faida, mnunuzi akapunguziwa kodi ya kuandikisha, na watu wakaagana wakicheka.

Lakini siku mnunuzi naye anapokuja kuuza, serikali inaitambua bei moja tu, ile ya kwenye hati.

Nakiri nililijua kosa. Nilikuwa mkuu wa maabara ya maji ya mji wetu, na sikuwahi kuruhusu itoke takwimu ambayo haikupimwa. Siku ile nilikaa na mkoba magotini, nikalitazama feni la darini, na mume wangu akapitisha bahasha kwa muuzaji. Muuzaji mwenyewe alikuwa Kåre, binamu yake, kwa hiyo hakuna aliyezihesabu tena.

Amparo alivuta karatasi akaanza kupiga hesabu.

"Kwa bei ya hati, na gharama zote nikiwatolea, mmepata faida ya elfu themanini. Kodi yake elfu kumi na tano na mia mbili. Mbelgiji ameshawalipia elfu tisa na mia tatu. Bado mnadaiwa elfu tano na mia tisa."

"Nimekuja kurudishiwa pesa, Amparo."

"Najua ulichojia, mama. Nakwambia utakachoondoka nacho."

"Na kama nikithibitisha zile za kwenye bahasha?"

"Kwa kitu gani?"

"Ninayo karatasi ya benki ya siku tulipozitoa."

"Karatasi ya benki inaonyesha mlitoa. Haionyeshi mlimpa nani. Mngeweza kuzinunulia ngamia." Alifikiri kidogo. "Aliyezipokea yu hai?"

"Yu hai. Anakaa kule mlimani."

"Basi aandike kwamba alizipokea, aende kutia sahihi mbele ya mthibitishaji. Yeye hana cha kupoteza, miaka ya kumdai imepita zamani. Mkipata karatasi hiyo tunaiambatisha, tunaomba zote. Siahidi. Lakini tunaomba. Muda wetu ni mpaka Ijumaa."

"Ni binamu wa mume wangu. Ataandika leo hii."

"Kama ni jambo jepesi hivyo," akasema Amparo, "mbona mzee hakumpigia simu mwenyewe?"

Nikachukua mkoba wangu. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita tena.

"Kitu kingine, mama. Mume na mke wanaruhusiwa kujaza fomu moja. Mzee alinipigia juzi, anataka ya kwake peke yake. Na akaunti yake ya kurudishiwa, akaunti ambayo sijawahi kuiona."

"Alikuwa fundi wa mitambo ya meli," nikamweleza. "Anapenda kila pampu iwe na kipimo chake."

"Hata mume wangu alikuwa mpangaji mzuri."

"Yuko wapi siku hizi?"

"Murcia. Na huyo mwingine."

Tulicheka wote wawili, yeye zaidi yangu.

Nilimpigia Oddvar, aliyebaki nyumbani Norwei, nikiwa barabarani. Upepo wa milimani ulikuwa unasukuma vumbi na magamba ya malimau, ikabidi nisimame kwenye mlango wa duka la viatu.

"Nakwenda kwa Kåre," nikamwambia.

Redio upande wake ikazimwa.

"Oddvar? Unanisikia?"

"Kwa Kåre kufanya nini?"

"Atuandikie kwamba alipokea zile za bahasha. Bila hivyo haturudishiwi kitu, tena tunadaiwa."

"Mwache Kåre. Mgonjwa wa moyo yule."

"Moyo wake sina shida nao. Nataka mkono wake wa kulia."

"Ragnhild." Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu aliye chumba kimoja na mtoto aliyelala. "Hizo pesa ziache."

"Na nyumba je?"

"Tutaona."

Akakata simu.

Oddvar si mtu wa kusema tutaona. Huyu ni mtu aliyekuwa akiandika lita za mafuta ya gari kwenye kidaftari hata safari ya kwenda kununua mkate. Nilisimama pale mlangoni mpaka mwenye duka akaniuliza namba ya mguu wangu.

Ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi Kåre hupatikana mahali pamoja tu, ukumbi wa Wanorwei, siku ya zile keki zetu zinazookwa kati ya vyuma viwili na jibini la kahawia. Nilimkuta meza ya dirishani na wenzake wa karata. Shati limepigwa pasi, shingo imekonda.

"Jamani, huyoo!" akapaza sauti mmoja wao. "Ragnhild! Tulidhani umeshatoroka na pesa za Mbelgiji."

"Za Mbelgiji zimekaliwa na ofisi ya kodi."

"Zizoee kukaliwa. Mimi zangu zilirudi mwaka wa pili. Nilikuwa nimeshasahau kama niliwahi kuwa na nyumba."

"Wewe hata mke ulimsahau," akadakia mwingine, na meza nzima ikaangua kicheko.

Kåre hakucheka. Alikuwa ameniona tangu naingia. Uma aliuweka chini, keki haijaguswa, na tangu nimjue Kåre sijapata kumwona akiacha keki.

"Twende nyumbani, shemeji," akasema. "Hapa pana masikio."

"Sijasema nilichojia."

"Najua ulichojia."

Wale wengine walirudi kwenye karata zao haraka mno. Nilipopita karibu, yule aliyenitania alinishika kiwiko, akakiminya kidogo, akaachia. Nilishikwa kiwiko hivyo hivyo kwenye mazishi ya mama yangu.

Nyumba ya Kåre iko juu ya barabara, mbao za madirisha zote zimefungwa mchana kweupe. Alisema ni kwa ajili ya jua. Nje mawingu yalikuwa yamefunika mlima. Aliwasha taa ya jikoni, akaweka kahawa, akaanza kufuta meza ambayo ilikuwa safi.

"Oddvar amekupigia?" nikamuuliza.

"Amenipigia."

"Lini?"

"Jumapili. Na Jumatatu. Na leo, ulipokuwa njiani."

"Amesema nini?"

"Ameniomba nisiwe nyumbani." Alicheka kwa pua. "Kwa moyo huu niende wapi mimi, shemeji? Nikapande mlima?"

Nilitoa karatasi ya benki mkobani, nikaiweka katikati ya meza. Nikamweleza kama nilivyoelezwa, kwamba hakuna atakayemgusa, kwamba ni mistari mitatu na sahihi, na kwamba kesho nitampeleka mwenyewe kwa gari.

"Uandike kwamba ulipokea laki na ishirini nje ya hati. Ukweli wenyewe, basi."

Kåre aliitazama ile karatasi muda mrefu, kisha akaisukuma kwangu kwa kidole kimoja.

"Sikupokea laki na ishirini."

"Kåre."

"Nilipokea elfu sitini."

"Nilizihesabu mwenyewe, juu ya meza ya hoteli. Noti za zambarau, za mia tano mia tano. Nikazitia kwenye bahasha, nikaifunga kwa gundi."

"Mimi bahasha niliyopewa haikuwa na gundi, shemeji."

"Tulipatana laki tatu na ishirini!"

"Wewe uliambiwa laki tatu na ishirini. Sisi tulipatana laki mbili na sitini. Binamu hamlipishi binamu bei ya Waingereza." Aliinamisha kichwa. "Nilidhani unajua. Nilidhani hivyo miaka miwili mitatu. Halafu nikaelewa kwamba hujui, na kufikia hapo nilikuwa nimeshanyamaza mno."

Nina tabia moja ambayo watu huiita ubaridi. Nikipewa habari mbaya, kwanza naitafutia vipimo. Nilirudi nyuma kwa akili mpaka ile asubuhi. Tulitoka hotelini pamoja. Tulifika kwa mthibitishaji pamoja. Kåre alikuwa ameshaketi. Oddvar alisema anakwenda msalani, akanipa koti lake nimshikie. Koti nililishika. Bahasha hakunipa.

Alikaa msalani muda wa kutosha hata mthibitishaji akatania kuhusu chakula cha Kihispania.

Halafu nikapiga hesabu nyingine, kwa kalamu, pembeni mwa ile karatasi ya benki. Kwa elfu sitini za kweli, tungekuwa na faida ya elfu ishirini, kodi elfu tatu na mia nane. Tungerudishiwa elfu tano na mia tano.

Hazitoshi. Mlango mpana unabaki wa watu wengine.

Kåre alikuwa anazisoma tarakimu zangu kichwa chini miguu juu. Alikuwa mwalimu wa hesabu, hakuhitaji kuzigeuza.

"Hazitoshi, eti?"

"Hazitoshi."

"Basi nitaandika laki na ishirini."

"Umesema ulipokea sitini."

"Nimesema. Na nitaandika laki na ishirini. Nani atabisha? Mthibitishaji alikuwa kwenye kahawa yake."

Alivuta droo, akatoa karatasi nyeupe na kalamu ya wino, akaanza kuandika kwa ule mwandiko wake wa ubaoni. Nilimwacha aandike. Nalisema hili bila kujitetea. Kila neno lilipokuwa likitua nilikuwa naiona nyumba ya Haugesund, kitanda cha Oddvar upande wa dirisha, changu upande wa ukuta. Aliandika jina lake. Aliandika jina la Oddvar. Akaandika laki na ishirini kwa tarakimu, kisha kwa maneno.

Kabla ya sahihi akasimamisha kalamu.

"Nina sharti, shemeji."

"Unataka kiasi gani?"

Uso wake ulibadilika, nikajua nimemuumiza.

"Pesa za nini mimi? Nipeleke wapi? Sharti langu ni moja. Usimuulize Oddvar zilikokwenda. Sio leo, wala baada ya leo. Uchukue karatasi, uchukue pesa zako, mkakae kwenye hiyo nyumba yenu mpaka mmoja wenu afunge macho. Usimuulize."

"Unajua zilikokwenda?"

"Nimekwambia sharti langu."

"Kuna mtu anamdai? Kuna mtoto mahali?"

"Ragnhild, chukua karatasi."

Alikuwa hajawahi kuniita kwa jina tangu niolewe.

Huko nje upepo ulikuwa umeanza tena, mbao za madirisha zikawa zinagonga fremu zake. Kåre alikuwa ameikaza kalamu juu ya karatasi, na chini ya ncha yake kitone cha wino kilikuwa kinakua.

Angenipa ile karatasi bila sharti, huenda ningeichukua na kunyamaza. Ningejiambia kwamba uongo ule ndio uliokuwa ukweli wangu miaka yote. Lakini kuniwekea sharti ni sawa na kuniambia kwamba kisima kina kitu, halafu kuniomba ninywe bila kuuliza. Siwezi. Sijui kama huo ni uadilifu au ugonjwa.

Nilitoa simu.

"Usifanye hivyo," akasema Kåre.

Nilijua ninachokifanya. Nilijua kwamba sahihi ile iko karibu na mkono wangu kuliko kikombe cha kahawa, na kwamba simu ikiita tu, inaondoka. Nikabonyeza jina.

Oddvar alipokea papo hapo, kama mtu aliyekuwa ameishika simu mkononi.

"Elfu sitini," nikasema.

Hakuuliza elfu sitini zipi.

"Kåre yupo hapo?"

"Yupo."

"Ameshatia sahihi?"

"Bado."

"Ungengoja atie," akasema mume wangu.

Alilisema bila hasira, kama mtu anayemkumbusha mwenzake mwavuli.

Upande wa pili wa meza, Kåre alikifunika kile kitone kwa kidole gumba, akaikunja karatasi mara mbili na kuitia kwenye mfuko wa shati. Kalamu akaifunga. Hakunitazama.

"Ziko wapi, Oddvar?"

"Zipo."

"Wapi?"

"Mahali salama. Sijagusa hata noti moja."

"Miaka yote hii hujagusa? Sasa zilikuwa za nini?"

Nilisikia kile kiti chake kikilia, kile cha mbao kilicho karibu na jiko, ambacho nimekuwa nikimwambia akikaze skrubu.

"Za kuondokea."

"Kuondoka kwenda wapi? Siku ile ndiyo kwanza tulikuwa tunanunua nyumba!"

"Wewe ndiye uliyekuwa unanunua nyumba," akasema. "Zilikuwa za kukuacha, Ragnhild."

Kåre aliinuka, akaenda kusimama kwenye sinki, akafungua maji bila ya kuwa na kitu cha kuosha.

Niliuliza swali lililofuata kwa sauti ile ile niliyokuwa nikiwaulizia vijana wa maabara sampuli imetoka bomba gani.

"Kwa nini hukuondoka?"

"Kwa sababu nusu ya vyote nilivyochuma maishani ilikuwa ndani ya kuta zile. Halafu bei zikaanguka. Kila mwaka nikikwambia tuuze, unanitolea karatasi yako ya hesabu. Hatuuzi kwa hasara, hatuuzi kwa hasara. Na mimi bila ile nusu yangu ningekwenda wapi na elfu sitini? Nikawa nasubiri."

"Unasubiri nini, Oddvar?"

Maji yalikuwa yanamwagika kwenye sinki. Mume wangu akanijibu kwa upole ambao sikuwa nimeusikia kwake kwa miaka mingi.

"Tuuze nyumba."